Wa Kuunga

Masanja,

Jua la alasiri bado liko juu ya mabati, na mimi nimejifungia chumbani na kalamu ya Zuhura. Wewe umeenda kiwanjani kuwaaga wenzako, mdogo wako Hamisi amekufuata kama mkia. Kesho alfajiri unaondoka Katoro, unaunganisha basi Kahama, na ukifika Mbeya utakuwa mchezaji wa timu ya watu. Nasikia huko kuna baridi. Sweta nimeshalitia kwenye begi. Mambo ya kufua, kula na kuamka mapema siyaandiki, kwa sababu unayajua, na kwa kweli mengi hukufundishwa na mimi.

Nataka kukuandikia juu ya neno moja. Nimelitumia kila siku katika duka langu la viungo, limenilisha, limewasomesha ndugu zako, na siku moja nililitumia kukuumiza mbele ya watu. Sikufichulii jambo, ulikuwepo, ulilisikia. Nakuandikia kwa sababu tangu siku ile hatujawahi kulizungumza, na sitaki uvuke mkoa huu ukidhani nimesahau.

Neno lenyewe ni kuunga.

Mimi nilizaliwa Shinyanga mjini, katika nyumba ya watu waliotoka Tabora, na kabla ya Tabora, pwani. Kwetu mtoto alijua kutofautisha iliki na karafuu kwa harufu kabla hajajua kusoma. Bibi yangu aliponiingiza jikoni mara ya kwanza, alinipa vitunguu vya kuungia mchuzi. Akaniambia nyama ya kuchemsha tu ni chakula cha mgonjwa. Chakula cha mgeni huungwa. Nikakua nikijua kwamba kuunga ni kukirimu. Ona basi nilivyolipotosha neno hilo siku nilipopata wa kumkirimu.

Ulipoletwa kwangu ulikuwa na miaka saba. Mama yako, Kabula, alikuwa ameshafariki, ukawa unalelewa na bibi yako mzaa mama kule Kishapu, hadi baba yako alipoamua kukuchukua. Habari zako alikuwa amenieleza kabla ya ndoa. Nilimjibu kwamba mtoto ni baraka. Ilikuwa rahisi kujibu hivyo, kwa kuwa mtoto mwenyewe alikuwa mbali.

Uliingia mlangoni na mfuko wa michembe uliofungiwa na bibi yako, viazi vilivyokatwa na kukaushwa na jua la kwenu. Miguu ilikuwa na vumbi hadi magotini. Uliinama, ukasema taratibu, "Mwangaluka, mayu."

Mimi mtu wa Shinyanga. Nimelala na kuamka katikati ya Wasukuma. Nilijua unaniamkia, na nilijua kwamba umeniita mama. Nikakujibu, "Hapa tunasema shikamoo. Na mimi naitwa Mama Zuhura."

Ulinitazama, ukamtazama baba yako, kisha ukasema, "Shikamoo, Mama Zuhula."

Zuhura alikuwa mdogo. Aliposikia jina lake limegeuka alicheka, nami nikacheka naye. Yeye alicheka kitoto. Mimi nilikuwa mtu mzima, na nilicheka ili usikie. Toka siku ile hukuniita jina jingine. Ile michembe niliiweka stoo, nikisema nitaipika siku moja, mpaka wadudu wakaimaliza.

Sikukupiga, na chakula sikukunyima. Mambo hayo mawili nilijisifia kwa majirani, na majirani wakasema Mama Zuhura ana moyo. Lakini wewe unajua yaliyokuwemo ndani. Sikukuu nilishonesha nguo za watoto kwa kitambaa kimoja, wewe nikakutafutia kwenye mtumba. Mgeni akiniuliza nina watoto wangapi, nilisema wawili, na pengine wewe ndiye uliyekuwa umemshikia birika anawe mikono. Ulikuwa huangushi birika. Ulikuwa unangoja amalize, unampa taulo, unatoka nje. Nilikuwa nakuona ukitoka.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mchomeleaji, na wewe uliwahi kumshikia vyuma. Jioni moja nilimwambia, "Ramadhani, mtoto huyu haungani na sisi. Nimejaribu."

Alikuwa ananawa masizi. Akasema, "Chuma chenye kutu hakishiki. Ukichomelea juu ya kutu kinaonekana kimeungana, ukikigusa kinaachia. Kwanza unasugua."

"Kwa hiyo mtoto ana kutu."

"Sikusema mtoto," akajibu, akaingia ndani.

Nilimnunia siku nyingi. Alikuwa mpole baba yako, na upole wake nilijua kuutumia. Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Aliposema mara moja nami nikanuna, alinyamaza, nami nikahesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

Ulipomaliza darasa la saba nilimwambia nyumba imejaa. Haikuwa imejaa. Chumba cha nyuma kilikuwa na magunia ya binzari, na magunia yangeweza kuhamishwa. Nikasema kijana mkubwa anahitaji kujifunza kazi, na mdogo wa baba yako, Shija, yuko Nyarugusu, ana sehemu yake kwenye duara, shimo la dhahabu, basi aende akajifunze maisha. Baba yako akakupeleka. Mtoto wa umri wako alitakiwa kuwa na madaftari. Wewe ulibeba mifuko ya mawe kutoka kwenye lile shimo, na baadaye ukawa unashuka mwenyewe kupanga matimba, yale magogo yanayozuia udongo usiwafunike watu. Baba yako alikuwa anakwenda kukuona kila alipopata nafasi. Mimi sikwenda hata mara moja. Kutoka hapa mpaka Nyarugusu si safari ya kumtisha mtu, bodaboda zinaitana barabarani kutwa nzima. Akirudi sikumwuliza habari zako. Alikuwa anazisema mwenyewe, kama mtu anayezungumza na ukuta: Masanja amerefuka. Masanja anacheza mpira jioni na wachimbaji, wanampenda. Siku moja alisema mvua imenyesha sana na duara la jirani limeporomoka. Nikaendelea kuchagua mchele.

Sasa nifike kwenye siku ile.

Baba yako alianguka karakana asubuhi, na adhuhuri akawa hayupo. Ulikuja na bodaboda kutoka Nyarugusu, udongo wa shimoni bado uko kwenye nywele, ukasimama uani karibu na tangi la maji. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Mimi nilikuwa ndani na wanawake. Walipokaribia kulitoa jeneza, mzee wa msikitini alikuja mlangoni akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia kwa sababu watu walikuwa kimya.

"Mama, kwa upande wa watoto, nani atashuka kaburini ampokee baba yake?"

Nikasema, "Hamisi bado mdogo. Washuke wajomba zake."

Mzee akageuka, akakuona. "Na yule kijana? Nimeambiwa naye ni mtoto wa marehemu."

Nikasema, "Yule ni wa kuunga tu."

Nimeandika kama nilivyosema. Nilikuona ukiinua kichwa. Mzee alinitazama, akaondoka, na wajomba zake Hamisi, watu ambao baba yako alikuwa hata haelewani nao vizuri, ndio walioshuka. Wewe ulikuwa umezoea kushuka ardhini kuliko mwanamume yeyote aliyekuwepo pale. Ulikuwa unashuka kila siku kutafuta dhahabu za watu, na siku ya baba yako nikakuzuia kushuka. Hamisi aliporudi alikuja kuniegemea, akaniambia, "Kaka alishika jembe akafukia na watu. Walipoondoka yeye alibaki."

Wengine wanasema msiba humpotezea mtu akili, na kwamba yanayosemwa msibani hayahesabiwi. Nimewahi kujificha chini ya maneno hayo. Si kweli. Akili yangu ilikuwa timamu kabisa. Nilikuwa nimepoteza mume, na nikataka angalau huzuni iwe yangu na wanangu, isigawanywe. Nilipokuona umesimama pale na uso wa baba yako, ule ule, pua na paji, nilikuchukia kwa sababu ulikuwa umebaki nao.

Ilinichukua muda mrefu kuona upumbavu wa kauli yangu. Kati yako na mimi, nani alikuwa wa kuunga kwa Ramadhani? Wewe ulikuwa damu yake, ulizaliwa ukiwa wake. Mimi ndiye niliyeungwa kwake, kwa mahari na kwa maneno ya shehe sebuleni kwa baba yangu. Kama kuungwa ni upungufu, basi mpungufu nilikuwa mimi.

Nikaingia eda. Mwanamke aliye edani hatoki kwenda sokoni, na duka la viungo haliwezi kungoja. Likifungwa, harufu inakwenda na wateja wanahama. Ndugu zangu walioshuka kaburini walikuwa wamesharudi Shinyanga. Asubuhi moja nilisikia hodi. Ulikuwa umesimama nje ya mlango wa uani, umeoga, umevaa shati la baba yako.

"Shikamoo, Mama Zuhura." R ilikuwa imenyooka. Sijui ulijifunza wapi kuinyoosha, wala ulijiumiza kiasi gani.

"Marahaba."

"Naomba funguo za duka."

Nikakuuliza, na nadhani nilikuuliza kwa kiburi, "Kwa nini unifanyie hivi?"

Ukasema, "Sikufanyii wewe. Zuhura anasoma, Hamisi anasoma. Hawa ni ndugu zangu."

Nilikupa funguo. Sikukuambia asante, kwa kuwa ulikuwa umenieleza wazi kwamba si kwa ajili yangu. Jioni Zuhura alikuwa akiniletea habari. Kaka amejifunza kuchanganya masala ya pilau. Kaka amempa mteja mdalasini akamweleza usichemshwe mno. Mteja amemuuliza kaka kama ni kijana wa kazi, kaka akasema, "Mimi ni kaka yake Zuhura." Nilikuwa nasikiliza mambo hayo nimekaa kwenye mkeka, nimejifunika, na watu wakija kunipa pole walidhani machozi yote ni ya Ramadhani.

Eda ilipokwisha sikukuambia urudi Nyarugusu, wala sikukuambia ubaki. Nilihamisha magunia ya binzari. Nikaona siku ya pili umeweka godoro pale. Ndivyo tulivyoishi miaka hii, wewe na mimi, kwa kuhamisha vitu bila kusema.

Kisha likaja lile jambo la mpira. Siku moja Hamisi alirudi anaruka. "Mama, kaka amechaguliwa timu ya kata. Ni kiungo."

Nikamwambia, "Kiungo ninachouza mimi?"

Akanicheka. "Mama, kiungo ni yule wa katikati. Mabeki wanamtazama yeye, washambuliaji wanamtazama yeye. Kama hayupo, wale wa nyuma wanabutua tu, na wale wa mbele wanasimama kungoja."

"Na yeye anafunga magoli?"

"Mara chache. Yeye anawapa wenzake."

Nilikwenda kukutazama. Hukujua, nilijitanda vizuri, nikakaa upande wa wauza karanga. Mpira siujui, lakini hata asiyeujua angeona. Kila aliyekuwa na mpira na ameshikwa na wasiwasi alikutafuta kwa macho. Ulikuwa unaupokea, unainua kichwa, unampa aliye mahali ambapo hakuna aliyemwona. Sikupata kukuona ukipiga kelele. Nikafikiri, huyu amefanya hivi nyumbani kwangu miaka yote. Amesimama katikati ya watoto wangu na mimi, na sisi tukala.

Mama mmoja muuza karanga, aliyekaa karibu nami, alisema, "Yule kiungo, yule mwembamba, anajua kweli. Ni mtoto wa nani yule?"

Masanja, mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Hakukuwa na msiba, hakukuwa na mzee wa msikitini, hakuna aliyenibana. Neno lilikuwa moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikanunua karanga. Niliogopa kwamba nikisema wangu, yule mama atageuka akuite, na wewe mbele ya watu utasema, hapana, huyu ni Mama Zuhura. Ungekuwa na haki. Basi nikajilinda mimi, kama kawaida yangu, nikakuacha hujatajwa kwa mara nyingine.

Mechi ilipokwisha ulipita na Hamisi mabegani, ukaniona. Ulisimama. Nadhani ulingoja niseme kitu. Nikasema, "Umechafuka."

"Ndiyo," ukasema, ukaenda zako.

Nimeandika hayo mawili pamoja, la msiba na la kiwanjani, kwa sababu mtu anaweza kudhani kosa langu lilikuwa la siku moja na hasira. Kilichoniaibisha zaidi ni hili la pili. La kwanza nililitenda nikiwa nakuchukia. La pili nililitenda nikiwa tayari nakupenda, na bado nililitenda.

Barua ya kuitwa Mbeya ilipofika, watoto walishangilia, mimi nikaenda kukaa dukani. Jirani yangu wa nafaka, Mama Neema, alikuwa ametoka kanisani. Yeye huenda kuungama kwa padri. Sijui kama kuungama na kuunga ni ndugu, lakini yanasikika kama watoto wa nyumba moja. Nikamuuliza, "Ukiingia mle unamwambia nini?"

"Nasema nililofanya," akajibu. "Bila kuweka sababu."

"Bila sababu hata moja?"

"Sababu ndizo zinazoharibu."

Nimejaribu kuandika barua hii bila sababu. Ukikuta iliyojipenyeza, ikate.

Juma lililopita niliwaambia nakwenda Shinyanga kununua mzigo. Nilikwenda Kishapu, kwa bibi yako.

Nilimkuta Bibi Minza amekaa kizingitini anachambua pamba. Nikasimama uani pake, mwanamke mzima, nikaona aibu ya kutojua niketi wapi. Nikamwamkia kwa Kisukuma, nikasema nimetoka Katoro. Aliitikia, akanitazama kuanzia miguuni.

"Wewe ndiye mwenye mjukuu wangu."

"Ndiye mimi, mama."

"Keti."

Niliketi chini. Aliendelea na pamba yake. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mwaka ule baba yake alipomchukua, nilikungoja. Nilisema, mwanamke aliyepewa mtoto atakuja kuniuliza. Mtoto huyu anakula nini, anapenda nini, anaogopa nini. Mavuno yakaja, yakapita. Nikasema labda safali ni ndefu."

Nikauliza swali lililochelewa miaka yote hiyo. "Alikuwa anaogopa nini?"

"Ladi," akasema. "Kabula alikufa usiku wa mvua, na yeye alikuwa amelala naye. Mvua ikianza, mimi nilikuwa namshika mguu tu. Hutakiwi kumkumbatia, anaona haya. Unamshika mguu, analala."

Hapo nilikumbuka. Masika ya kwanza uliyokaa kwangu, ngurumo zikipiga, ulikuwa unakuja kusimama nje ya mlango wetu. Hukugonga. Nilikuwa nasikia pumzi zako. Baba yako akitaka kuamka nilimshika mkono, nikasema kwa sauti uisikie, rudi ukalale, wewe ni mwanamume. Ulirudi. Siku hizo nilidhani ni ujanja wa mtoto anayetaka kutugawa mimi na mume wangu. Kumbe ulitaka kushikwa mguu.

Nilimwambia bibi yako yote, na hilo la mlangoni pia. Nikamwomba anisamehe. Mikono yake ilisimama juu ya pamba kwa mara ya kwanza.

"Msamaha huo si wangu kuutoa," akasema. "Mimi sikuitwa wa kuunga. Nenda kwa mwenyewe."

"Nitamwandikia. Juma lijalo anasafiri, nitamwandikia barua ndefu."

"Balua haina uso. Yeye atakusoma, wewe hutamwona. Umemwambia hayo mbele za watu kwa mdomo, sasa unataka kuyatoa kwa kalatasi?"

Akainuka kwa kushika mwimo wa mlango, akaingia ndani, akatoka na khanga ya kutokea. Akasema, "Nitakuja kabla hajaondoka, kumuaga mjukuu wangu. Na wewe nitakuangalia ukimwambia."

Kwa hiyo Bibi Minza yuko hapa, Masanja. Amefika leo mchana ukiwa umeshatoka, Mama Neema alimpokea stendi. Zuhura amemtandikia mkeka uani, na sasa hivi wanapika pamoja. Nasikia anamuuliza Zuhura jina la kila kiungo kimoja kimoja, na Zuhura anamjibu kwa adabu. Hajaniambia neno tangu afike isipokuwa moja. Alipoona nachukua kalamu alisema, "Andika, mayu. Lakini utatoka."

Mimi ni mwanamke wa kuuza vitu kwa maneno, na ninakuambia ukweli kwamba sijui nitaanza vipi. Hapa kwenye karatasi nimeyapanga, nikitoka huko yatatawanyika.

Kuhusu huko uendako nina moja tu, na silisemi kama mwalimu, nalisema kama mtu aliyekuwa upande wa wabaya. Utaingia kambini ukiwa mgeni. Watakucheka namna unavyosema, watakuwa na utani ambao hukuwepo ulipoanza. Hiyo unaijua, utaivumilia, umeivumilia kwangu ukiwa mtoto. Ninachohofia si hicho. Utakaa, utazoea, utakuwa mwenyeji, kisha siku moja atafika kijana mwingine na begi lake, hajui aweke wapi. Siku hiyo angalia mkono wako unafanya nini. Mimi sikudhani kabisa kwamba ni mtu mbaya. Nilidhani ninalinda nyumba yangu.

Sikudai kitu. Ukiyasikia na usiseme lolote, ni haki yako. Ukisema huwezi, nitakusindikiza stendi vilevile na kukubebea begi dogo. Ukitaka kukasirika, kasirika hapa, kabla ya safari, mbele ya bibi yako, ili usiibebe hasira hiyo Mbeya. Hujawahi kunikasirikia waziwazi hata siku moja, na najua kwa nini: mtoto hukasirika kwao.

Barua hii nitakutilia begini, uisome ukipenda, au usiisome.

Lango limelia. Ni nyie, nasikia sauti ya Hamisi, na sasa yako, na sasa umenyamaza. Umemwona. Anakwita kwa jina la utotoni ambalo mimi silijui. Zuhura anagonga mlango wangu, anasema, "Mama, bibi anasema utoke."

Natoka.